Risasi Iko Rada: Venye Apache Inataka Kushusha Droni Bila Hata Kuzigusa

Saa nane usiku, stima zimepotea, na kuna mbu mmoja kwa keja ameamua leo ni wewe. Unawasha torchi ya simu, unamwona kwa ukuta, unashika slipa, pah! Umekosa. Ukuta umebaki na alama, jirani anagonga kuuliza kwani mnapigana, na mbu ako tu hapo juu anakuimbia. Raundi ya kumi unachoka, unachukua ile dawa ya kupuliza. Sasa hujali kama umemlenga kichwa ama mguu. Unapuliza tu pande yake, anashuka mwenyewe.

Shika hiyo picha vizuri, juu ndio hadithi yote ya leo.

Kwa karibu miaka 40, helikopta ya vita ya Marekani inayoitwa Apache imekuwa ikibeba slipa. Slipa ya bei, ya kutoa moshi na kelele, lakini bado ni slipa: isipogusa, haijafanya kitu. Sasa jeshi la Marekani linataka kuipea dawa ya kupuliza. Mwishoni mwa 2025 walijaribu risasi mpya ya mzinga wake huko Yuma, Arizona, kwa uwanja wao wa majaribio. Jina la kiofisi ni XM1225. Jina la mtaa ni APEX. Kazi yake ni kupita karibu na droni, kujijulia yenyewe kwamba imefika karibu, na kulipuka hapo hapo hewani. Vipande vya chuma vinamaliza kazi. Kugusa si lazima. Karibu inatosha.

Najua unashangaa hiyo inakuhusu aje na uko Kayole unangoja mat. Tulia. Kuna madem wa East Africa wako ndani ya hii story, na hawako hapo kama watazamaji.

Slipa yenyewe

Apache iko na mzinga chini ya pua, unaitwa M230. Risasi zake ni za milimita 30, yaani upana wa sentimita 3. Unatema kama 10 kila sekunde, na helikopta inaweza kubeba mpaka 1,200. Kitu noma ni kwamba mzinga unafuata kichwa cha askari. Amevaa helmeti special, akigeuka kushoto, mzinga unageuka kushoto. Pahali anaangalia ndio pahali risasi zinaenda.

Lakini huu mzinga haukuundwa kupiga vitu vidogo hewani. Uliundwa miaka ya vita baridi kupiga malori, magari ya deraya na wanajeshi walio chini. Na kwa hiyo kazi, kukosa kidogo haikuwa shida. Risasi ya kawaida ya Apache, M789, inalipukanga ikigonga kitu. Ukikosa lori kwa mita moja, risasi inagonga mchanga kando yake, inalipuka, vipande vinaruka, na lori linaumia tu. Ardhi ndio ilikuwa inasaidia. Ardhi ilikuwa inadaka makosa yote.

Sasa inua mzinga huo huo juu, ulenge droni. Nyuma ya droni hakuna mchanga, kuna mawingu tu. Risasi ikikosa kwa sentimita 20, inapita na kuendelea na safari kama haijaona mtu. Ni sawa tu na kukosa kwa kilomita. Hewani hakuna "ilibaki kidogo".

Ongeza kwamba helikopta yenyewe inatetemeka, droni inasonga, na zote mbili ziko mwendo tofauti. Unaweza kumwaga risasi 50 hapo na droni ikaenda zake. Na zile risasi 50 lazima zishuke mahali. Hiyo tutairudia.

Hesabu ya doh

Mbona Marekani iamke leo na hii story ya kupiga droni na helikopta? Jibu ni doh tu.

Angalia Shahed-136, ile droni Iran ilichora na Urusi sasa inaundia kwake ikiiita Geran-2. Umbo lake ni kama pembetatu, injini inapiga kelele kama nduthi imetoboka ekzosi, inaenda kama kilomita 180 kwa saa, mwendo wa Subaru Thika Road usiku wa Ijumaa, na mbele imebeba kichwa cha milipuko cha karibu kilo 50. Makadirio mengi yanaweka bei yake kati ya dola 20,000 na 50,000. Kwa pesa yetu hiyo ni kama 2.6M hadi 6.5M bob. Msee wa yard ya magari anaweza kukuambia hiyo ni gari moja ama mbili za mtumba.

Kombora moja la Patriot PAC-3 la kuishusha linacheza karibu dola milioni 4. Hiyo ni zaidi ya nusu bilioni bob. Hellfire, lile kombora Apache yenyewe inabeba, ni zaidi ya dola 100,000, kama 13M bob. Kwa hivyo umeangusha gari ya mtumba na ghorofa nzima. Ukishinda hivyo mara moja, uko sawa. Ukishinda hivyo kila usiku kwa mwezi mmoja, umefilisika, na adui bado ako na stoo imejaa. Yeye hana haja ya kugonga kila kitu. Anangoja tu salio lako liishe.

Hii kitu imeonekana live. Desemba 2023, manowari ya Ufaransa inayoitwa Languedoc ilishusha droni za Wahouthi kwa Bahari ya Shamu ikitumia makombora ya Aster, na moja ya hizo ni zaidi ya euro milioni moja. Miezi michache baadaye, Machi 2024, Wafaransa wakatoa video ya tofauti kabisa: helikopta imekaribia droni, msee amekaa mlangoni na bunduki ya kawaida, anaipiga mpaka inaanguka baharini. Bei ya hizo risasi? Ya kawaida tu. Na usidhani Bahari ya Shamu ni mbali. Hizo droni na makombora ndio zilifanya meli nyingi zianze kuzunguka mpaka Afrika Kusini, na mzigo wa kutoka Ulaya kuja Mombasa ukachelewa na kupanda bei.

Ukraine nao wamekuwa wakifukuza Shahed na helikopta za Mi-8 zilizofungwa bunduki mlangoni. Israeli walituma Apache zao kuwinda droni za Hezbollah na za Iran, 2024 na 2025. Kwa hivyo wazo lenyewe si la kubuni kwa ofisi. Helikopta inaenda polepole, inaweza kukaa nyuma ya droni kama mat imefuata nduthi, na mzinga ni rahisi kuliko kombora. Kitu ilikuwa imekosekana ni risasi ya kufanya hiyo kazi.

Na ukikosa, watu wanakufa. Oktoba 13, 2024, droni ya Hezbollah iliingia Israeli, ikafuatwa, ikapotea kwa rada, halafu ikaibukia kwa mess ya kambi ya jeshi karibu na Binyamina wakati askari wanakula jioni. Wanajeshi 4 walikufa na makumi wakaumia. Droni moja tu ndio iliponyoka.

Risasi inajuaje imefika?

Mimi niliachia campo njiani, lakini kuna topic moja ya fizikia haijawahi kunitoka. Umesimama stage, ambulance inakuja mbio. Ikikaribia, sauti iko juu. Ikikupita, sauti inashuka ghafla. Hata ukifunga macho, masikio yanakuambia imekaribia na imepita saa ngapi.

Fyuzi ya ukaribu inafanya hivyo hivyo, tu haitumii sauti, inatumia redio. Ndani ya pua ya risasi kuna karedio kadogo. Kanatuma mawimbi mbele na kanasikiliza. Kukiwa hakuna kitu, hakuna kinachorudi. Kukiwa na droni, mawimbi yanaigonga na kurudi yakiwa yamebadilika kidogo, kama ile sauti ya ambulance. Risasi inalinganisha kilichotoka na kilichorudi. Mwangwi ukifika nguvu fulani, inajua iko karibu vya kutosha. Boom.

Mtaani tukisema msee ako rada, tunamaanisha ako macho, anajua form. Hii risasi iko rada kwa maana zote mbili.

Sasa fikiria ugumu. Hiyo redio lazima itoshee ndani ya kitu cha upana wa sentimita 3, na bado ubakishe nafasi ya baruti na chuma. Lazima ivumilie kurushwa na mzinga, teke la nguvu ambalo simu yako ingebaki unga. Lazima ilale kabisa mpaka itoke mbali na helikopta, juu ikiamka mapema, kitu ya kwanza iko karibu nayo ni rubani wako mwenyewe. Halafu iamke, isikilize, na iamue, yote kabla hujamaliza kusema "niaje".

Jambo lingine la maana: APEX imeundwa kuingia kwa mzinga ule ule wa M230 bila kuubadilisha. Helikopta ni ile ile, mzinga ni ule ule. Kilichobadilika ni kile unaweka ndani.

Babu wa hii risasi alizaliwa 1940s

Ukisikia "risasi yenye akili" unafikiri ni kitu ya juzi, ya AI na nini. Zii. Hii idea ina zaidi ya miaka 80.

Waingereza ndio walianza kuichora mwanzo wa Vita ya Pili ya Dunia. 1940 wakawapelekea Wamarekani siri zao, na kikundi cha mwanasayansi Merle Tuve kikaichukua. Kikundi hicho ndicho kilikuja kuwa maabara ya Johns Hopkins huko Maryland. Wakati huo hakukuwa na chip. Redio ilitumia taa za vioo. Walikuwa wanataka kuweka taa za kioo ndani ya kombora la mzinga, zirushwe kwa nguvu mara 20,000 ya uzito wake, na zisivunjike. Betri walitatua kwa ujanja mmoja mtamu: kichupa cha kioo chenye maji ya betri, kinavunjika kombora likirushwa, halafu kule kuzunguka kwa kombora kunasambaza yale maji na betri inawaka. Teke lililokuwa shida ndilo likawa swichi.

Januari 1943, manowari ya Marekani, USS Helena, ikashusha ndege ya Japani na hiyo fyuzi kule Pasifiki. Ilikuwa mara ya kwanza vitani. Kwa muda mrefu ilikuwa siri kubwa mpaka wakakataza itumiwe juu ya nchi kavu. Waliogopa moja ikikosa kulipuka, Wajerumani waiokote na kuiga. Ikae tu baharini.

Halafu ikafika Juni 1944. Ujerumani ikaanza kurushia London kitu inaitwa V-1. Sikiza vizuri: ndege bila rubani, kelele mbaya, imebeba milipuko, bei rahisi, inatumwa kwa wingi kuangukia mji. Inakukumbusha nani? V-1 ndio babu wa Shahed.

Waingereza wakahamisha mizinga yao hadi pwani, wakaiunganisha na rada mpya za Marekani na hizi fyuzi. Wiki ya kwanza walishusha asilimia 24 ya V-1 zilizopita mbele ya mizinga. Wiki ya pili 46. Ya tatu 67. Ya nne 79. Mwezi mmoja tu.

Na angalia bei. Fyuzi moja ilikuwa dola 732 mwaka wa 1942. Kufika 1945 ilikuwa dola 18. Waliunda kama milioni 22. Hiyo ndio siri ya vita ya droni ambayo watu wanasahau wakibonga kuhusu silaha za maajabu. Anayeshinda si mwenye kitu kali sana. Ni mwenye kitu ya kutosha, kwa bei anaweza kulipa kesho na kesho kutwa.

Apache nayo inatafuta hustle mpya

Kuna kitu haisemwi kwa sauti. Hii risasi haiokoi tu watu kutoka kwa droni. Inaokoa pia kazi ya Apache.

Ukraine iliharibia helikopta za vita jina. Makombora ya begani, halafu zile droni ndogo za FPV za kuongozwa kwa miwani, yote yanawinda helikopta sasa. Japani ilitangaza Desemba 2022 kwamba itaachana na helikopta zake za mashambulizi na kutumia ndege zisizo na rubani. Jeshi la Marekani lenyewe, Mei 2025, lilisema linastaafisha Apache za toleo la zamani, AH-64D. Poland imeenda kinyume, 2024 ikaagiza Apache 96, lakini maswali hayajaisha: mbona ununue mashine ya makumi ya mamilioni ya dola ikiwa inaweza kushushwa na kitu bei ya simu?

Kwa hivyo Apache inafanya venye msee yeyote aliyefutwa kazi Nairobi angefanya. Inabadilisha CV. Zamani ilikuwa "naua tanki". Sasa ni "nashusha droni, niko na rada, niko na mzinga, nafika haraka". Risasi ya APEX ndio certificate ya kuonyesha kwa interview.

Je, itatosha? Mimi nasema kiasi. Mzinga unafika kilomita chache tu, kwa hivyo helikopta lazima isogee karibu na kitu imebeba milipuko. Hiyo si mchezo. Juni 29, 2025, rubani wa Ukraine, Maksym Ustymenko, alishusha vitu 7 usiku mmoja na F-16 yake. Alipokuwa anashusha cha mwisho, ndege yake iliharibika, na hakutoka hai. Kusogea karibu kuna bei yake.

Pia droni ikipita chini sana, karibu na miti na paa za nyumba, fyuzi inaanza kusikia mwangwi wa kila kitu. Na Apache hazitoshi kukaa hewani saa 24 juu ya kila mji. Hii ni dawa ya mbu, si neti. Inasaidia, lakini usiku ni mrefu.

Karibu inatosha, hata kwa binadamu

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, juu matangazo ya silaha hayakaangi hapa.

Kumbuka ile fyuzi ya 1940s, iliyofungiwa baharini juu ya siri. Desemba 1944 siri ikafunguliwa. Wajerumani walikuwa wanasukuma kwa msitu wa Ardennes, na Wamarekani wakaipeleka kwa mizinga ya nchi kavu. Kombora halikugonga ardhi tena. Lilikuwa linapasuka juu ya vichwa vya watu, na vipande vinanyesha chini. Kulala kwa shimo hakukusaidia, juu mvua inatoka juu. Kitu ilichorwa kulinda meli na miji kutoka kwa ndege, ndani ya miaka 2 ilikuwa inaua askari wa miguu.

APEX nayo jeshi halifichi: imekusudiwa droni, lakini pia boti ndogo na watu walio wazi. Hiyo "watu walio wazi" ni lugha ya ofisi ya kusema mtu amesimama nje.

Na mzinga wa Apache uko na historia na watu waliosimama nje. Julai 12, 2007, Baghdad, Apache za Marekani zilifyatulia kikundi cha watu barabarani. Waliokufa walikuwa kama 12 ama zaidi, na ndani yao kulikuwa na wafanyakazi wawili wa Reuters: mpiga picha Namir Noor-Eldeen na mwenzake Saeed Chmagh. Askari walidhani kamera ni silaha. Dunia ilikuja kuona video Aprili 2010, WikiLeaks ilipoiweka wazi. Kama umewahi kuiona, unajua ile picha ya vumbi: risasi zinagonga barabara, zinapasuka, watu wanapotea ndani ya vumbi. Zile zilikuwa slipa. Zilikuwa za kugusa.

Risasi iliyo rada haijui tofauti ya droni na nduthi, ya askari na mpiga picha. Inajua kitu kimoja tu: niko karibu. Kila kitu kingine ni kazi ya msee aliye nyuma ya helmeti. Ukimpea risasi isiyohitaji kulenga sana, umempunguzia makosa ya mkono. Makosa ya macho yako pale pale, na sasa yanaenea zaidi.

Turudi kwa zile risasi 50 zilizokosa. Kwa upande huu fyuzi ya ukaribu inaweza kusaidia kweli, juu ukihitaji risasi chache kushusha droni, ni chache zitakazoanguka kwa paa ya mtu. Lakini vipande vya droni, na vya risasi yenyewe, bado vinashuka. Ukipigana juu ya mji, mji ndio sakafu.

Sasa sisi tuko wapi hapa?

Kenya ilipokea helikopta 6 za MD 530F Januari 2020, ndogo, za bunduki za kawaida na roketi. Uganda iko na Mi-28 za Urusi, kubwa zaidi. Zilinunuliwa kwa fikra ya kupigana na watu walio chini, si mabomu yanayoruka usiku. Na droni hazikungoja tujipange. Mei 2025, Port Sudan, mji ambao watu wa Khartoum walikuwa wamekimbilia kutafuta usalama, ulipigwa na droni siku kadhaa mfululizo: uwanja wa ndege, stoo za mafuta, stima. Huko hakukuwa na APEX. Droni zinafika Afrika haraka kuliko kinga yake, juu droni ndio ya bei rahisi. Ile hesabu ya doh inatupata sisi kutoka upande mbaya.

Lakini kuna upande mwingine mbaya zaidi, na ndio nilikuahidi mwanzo.

Geran-2 za Urusi zinaundwa Alabuga, eneo la viwanda huko Tatarstan. Oktoba 2024, shirika la habari la AP lilitoa uchunguzi kuhusu wanaoziunda. Walipata wasichana kama 200, wengi wa miaka 18 hadi 22, kutoka nchi kama Uganda, Rwanda, Kenya, Sudan Kusini, Sierra Leone na Nigeria. Waliona matangazo mtandaoni: tiketi ya bure, kazi, masomo, mambo ya hoteli na upishi. Walipofika wakajikuta wanaunganisha droni za vita. Wengine walisema kemikali zinawawasha ngozi, na wanachungwa kila saa. Na Alabuga yenyewe ni target: Aprili 2024, droni ya Ukraine ilipiga hosteli huko na watu wakaumia.

Sasa unganisha mstari. Dem wa rika yako, ametoka mtaa kama wako, ametafuta job mpaka akachoka, anaona tangazo, anapanda ndege. Anapaka gundi kwa bawa la droni. Bawa linaruka usiku kuelekea Ukraine. Huko kuna helikopta inaingoja. Akili ya wanasayansi na mabilioni ya dola yameingia kwa risasi moja ya sentimita 3 ili ile droni isifike. Na kwa hiyo hesabu yote, kazi ya bei rahisi zaidi ni ya yule dem. Ni mikono yake ndio imefanya Shahed ikae bei ya gari ya mtumba.

Hakuna mtu Yuma ama Alabuga anatufikiria. Lakini tuko kwa hesabu yao, kama gharama ya chini.

Kwa hivyo mimi sitakuambia ufurahie APEX ama uichukie. Kama inaweza kuzuia bomu kuingia kwa nyumba ya mtu aliyelala Kyiv, sawa, fiti. Nataka tu usome hizi habari za silaha kama mtu anayeguswa nazo, si kama trela ya movie.

Na kuna kitu kimoja unaweza kufanya wiki hii. Ukiona tangazo la job ya majuu, tiketi ya bure, malipo ya dola, bila maswali, usiulize mshahara kwanza. Uliza kiwanda kinaunda nini. Uliza jina la mji, uli-Google ukiwa bado keja. Uliza nani anabaki na pasi yako ukifika. Wakikujibu kwa kuzunguka, mtumie hii story beshte yako aliyeanza kupack, halafu mpigie simu usiku huo huo.